Namna ya Kununua Waya wa Gitaa Usiofaa Kitu

Katika bendi ya benga kila chombo kina mtu wa kukililia. Ngoma ikipasuka, mpigaji atasimulia mwaka mzima. Amplifaya ikiungua, kamati itaketi na chai itachemshwa. Waya wa gitaa, ule unaoliunganisha na amplifaya, ukikatika hakuna anayevua kofia. Unasukumwa chini ya kiti cha matatu, na mwenye gitaa anaanza kuulizia mwingine kwa jirani. Kwa sababu hauna heshima, hununuliwa kwa pesa iliyobaki baada ya nauli, chakula na salio la simu, tena hununuliwa na mtu aliyetumwa. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimeuandika kwa ajili ya msanii wa Asumbi, kule Nyanza nchini Kenya, na majirani zake, kuanzia Rodi Kopany mpaka Rongo, ambaye ameamua kwamba pesa yake italiwa, na anachotaka tu ni iliwe kwa utaratibu.

Anza kwa kuchagua siku. Siku bora ya kununua waya ni ileile ya kazi, ikiwezekana Ijumaa jioni, vyombo vikiwa vimeshapakiwa, dereva anapiga honi, na huko kijijini mkesha wa matanga umekwisha kuanza. Mtu mwenye haraka hajaribu kitu dukani. Hana gitaa mkononi, maana liko ndani ya gari, chini ya spika, chini ya viti vya plastiki. Muuzaji anamsoma machoni na kumpangia bei inayolingana na mapigo ya moyo wake. Ukienda Jumatatu asubuhi, umetulia, gitaa mgongoni, unaharibu biashara ya watu.

Wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huketi chini nayo, amevaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, akiigonga kwenye ubao wa chombo chenyewe huku njuga zake, gara, zikimjibu. Sauti inatoka kwenye ngozi na kuingia sikioni bila kupita dukani. Kisha gitaa likaingia Nyanza, na vidole vilivyolelewa na nyatiti vikahamia kwenye nyuzi za chuma vikiwa na tabia zao zote. Miaka ya 1960 ikaleta benga. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, kule Mkoa wa Mara nchini Tanzania, hatua chache tu ukishavuka mpaka wa Migori, aliiongoza Shirati Jazz mpaka ajali ya barabarani ilipomuua Kisumu, Mei 2006. Ochieng Nelly na Collela Mazee walikuwa na Victoria Jazz yao. Okatch Biggy akaja na Heka Heka. Santuri za mtayarishaji Oluoch Kanindo zilisafiri mpaka Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki wenyewe kanindo, na lebo yake ya Sungura ikaacha jina lake kwenye muziki wa gitaa wa nchi ile hadi leo. Sauti yote hiyo, kabla ya kufika kwenye santuri, kabla ya kuvuka Zambezi, ilipita kwanza ndani ya waya mmoja mwembamba uliokanyagwa na watu wasioujua.

Nayo benga ina namna yake ya kumwaibisha mwenye waya mbovu. Mwanzoni mwimbaji anasimulia kwa utulivu, magitaa yanamsindikiza, na hata waya unaokwaruza unaweza kujificha nyuma ya maneno. Halafu mwimbaji ananyamaza, besi inaanza kurukaruka, na gitaa la solo linabaki peke yake mbele ya kijiji kizima, likikimbia juu kabisa ya shingo. Hapo ndipo vumbi linapopanda na akina mama wanapoacha sufuria. Hapo pia ndipo waya wa bei ya kutupwa hupenda kukata. Kwa hiyo ukitaka kununua vibaya, tafuta waya unaovumilia ubeti wa kwanza. Zote hufanya hivyo.

Dukani, tumia macho peke yake. Chagua rangi. Waya mwekundu una nguvu kuliko mweusi, wa kijani kibichi una nguvu kuliko mwekundu, na ule uliofumwa kwa nyuzi za kitambaa kama kamba ya viatu vya mtoto tajiri unashinda zote. Kisha pima unene kwa vidole viwili na utikise kichwa kama daktari. Unene huo kwa kawaida ni plastiki. Ndani yake unaweza kukuta uzi wa shaba mwembamba kama unywele umelala peke yake, lakini hilo haliko kwenye mambo ya kutazamwa leo. Kisha tafuta dhahabu. Jeki iwe na rangi ya dhahabu, na kama ina mishale inayoonyesha sauti ielekee wapi, lipa bila kuuliza. Sauti ya gitaa ni mkondo unaogeuka na kurudi mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo mshale huo kazi yake ni sawa na kibao cha njia ya mkato katikati ya ziwa, lakini unapendeza. (Haki itendeke: kwenye nyaya fulani mshale una maana, kwa sababu kinga ya ndani imeunganishwa upande mmoja tu. Hata hapo unahusu kelele, wala hauiongozi sauti.) Dhahabu nayo kweli haishiki kutu, na hiyo ni sifa halali. Bali tabaka lake ni jembamba, huchubuka kwa kuchomekwa na kuchomolewa, na chini yake mara nyingi kuna chuma kisichotajwa kwenye paketi. Jeki nzito ya nikeli, isiyo na majivuno, itaizika.

Mazungumzo na muuzaji yafuate mapokeo.

"Kijana, hii ni orijino?"

"Orijino kabisa, mkubwa. Hata hao wa bendi za Kisumu wananunua hapa."

"Imetoka wapi?"

"Dubai."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo pia ni orijino, mzee wangu. Ila ni orijino ya bei ya chini."

Usiendelee zaidi ya hapo. Ukiendelea utajikuta unauliza swali la hatari, yaani kama jeki inafunguka.

Hilo ndilo swali moja ambalo mnunuzi mbaya hapaswi kuliuliza kamwe, na kwa sababu hiyo nitalikalia kidogo. Jeki ziko za aina mbili. Kuna zile zilizomiminiwa plastiki mpaka juu, haziingiliki, na waya ukikatika mle ndani unalazimika kukikata na kukitupa kichwa chake. Na kuna zile za chuma zenye kifuniko cha kuzungusha. Ukizungusha unaona kila kitu: uzi wa katikati ulioungwa kwenye ncha, msuko wa shaba ulioungwa kwenye mwili wa jeki, na meno madogo yanayoshika ganda la waya ili mtu akiukanyaga, mvuto uishie kwenye ganda na usifike kwenye lehemu. Ukiona lehemu inang'aa na imetambaa vizuri juu ya chuma, umeona kazi ya mtu. Ukiona kidonge cha kijivu kimekaa juu kama tope la mbayuwayu, na meno yale yameng'ata hewa, umeona kazi ya mtu aliyekuwa na mabasi mawili ya kukimbilia. Muuzaji anayekuruhusu kufungua ana jambo lisilo la kawaida, pengine uaminifu. Anayekunyang'anya waya na kusema "Ukifungua umenunua" amekupa jibu lote unalohitaji, na bila malipo.

Ukishaona ndani, angalia ule msuko. Kazi yake ni kuuzunguka uzi wa katikati na kuzuia kelele za nje zisiuguse. Msuko uliobana, wa nyuzi nyingi zilizopishana, unadumu kuliko ule uliozungushwa upande mmoja tu kama bandeji, ingawa wa bandeji hukunjika kwa urahisi na ni rahisi kuulehemu. Ule wa karatasi ya alumini ni wa nyaya zinazolala ndani ya ukuta studioni. Ukiutumia jukwaani utapasuka. Nyaya nzuri zina tabaka jingine tena, jeusi, la plastiki inayopitisha umeme, kati ya uzi na msuko. Bila tabaka hilo, waya ukigongwa au kusuguliwa huzaa umeme wake mdogo, na amplifaya huupokea kama habari muhimu: tup, tup, tup, kila unapohamisha mguu. Jaribio lake ni la dakika moja. Chomeka waya, pandisha sauti, ushike katikati na uupige kidogo kwenye meza. Waya mwema hunyamaza. Nakukumbusha tu kwamba jaribio hili linahitaji ufike dukani na amplifaya, jambo ambalo tumekubaliana hutalifanya.

Sasa urefu. Katika ukoo wa waya, urefu ni utajiri. Mpiga solo mwenye mita 15 anaweza kutembea mpaka kwenye meza ya wazee, akapiga magoti, akarudi. Mwenye mita 3 anasimama palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Nunua basi mita 15, na usisome sentensi zifuatazo.

Gitaa la umeme la kawaida halina betri. Chini ya nyuzi zake kuna pikapu, yaani sumaku na koili ya waya mwembamba sana, na koili hiyo ni dhaifu. Haiwezi kuusukuma waya mrefu bila kulipa kodi. Waya wa gitaa wenyewe, uzi katikati na msuko pembeni, ni ghala dogo la umeme, na kila mita moja ya waya wa kawaida huongeza kwenye ghala hilo pikofaradi 100 hivi. Chukua pikapu ya koili moja yenye henri 2.5. Kwa waya wa mita 3, ukijumlisha na ghala la koili yenyewe, sauti hupanda na kufikia kilele chake karibu na kilohezi 5, ndipo inaporomoka. Kwa waya wa mita 15, pikapu ileile, gitaa lilelile, kilele kinashuka hadi karibu kilohezi 2.5. Kati ya namba hizo mbili ndipo unapokaa mng'ao mwingi wa solo ya benga, ule mlio mkali wa kengele ndogo unaolifanya gitaa lisikike mpaka ng'ambo ya mto. Mwenye mita 15 ameuacha mng'ao huo ndani ya waya, sakafuni, kisha anajiuliza kwa nini solo yake siku hizi inasikika kama imefunikwa blanketi. Atapandisha kitufe cha sauti kali kwenye amplifaya, na atapata mvumo wa mvua. Atanunua nyuzi mpya. Mwishowe atauza gitaa.

Kusema kweli si kila mtu anataka mng'ao. Jimi Hendrix alipanda jukwaani na waya wa kujikunja kama wa simu za zamani, waya ambao ukiunyoosha ni mrefu ajabu, na hakuna aliyemshauri aufupishe. Mpiga ridhimu anayetaka sauti nene anaweza hata kuufaidi waya mrefu. Na mwenye kifaa cha miguuni chenye saketi ya kusukuma sauti, au gitaa lenye pikapu ya betri, kodi hiyo haimgusi sana. Lakini hayo yanahitaji mtu ajue anataka sauti gani kabla ya kwenda dukani. Wengi wetu tunajua tunataka waya wa rangi gani.

Kuna mbinu nyingine ya kuokoa pesa, nayo ni kuchanganya nyaya. Kwa nje waya wa spika na waya wa gitaa ni pacha: jeki ileile ya milimita 6.35, ambayo ilianzia kwenye bodi za simu za karne ya 19 na kwa hiyo ni kubwa kwa umri kuliko misheni ya Asumbi yenyewe. Tofauti iko ndani. Waya wa spika ni nyuzi mbili nene zinazolala sambamba, hazina msuko wa kinga, kwa sababu zinabeba nguvu kubwa na hazijali kelele ndogo. Uchomeke kwenye gitaa, na gitaa lako litageuka kuwa mtego wa kila kitu kinachopita hewani: mvumo wa stima ya hezi 50, taa za rangi za disko, kinu cha posho cha jirani, na zile titi-titi-titi za simu ya muombolezaji aliyeketi karibu na jukwaa, sekunde chache kabla simu yenyewe haijaita. Kwa njia hiyo bendi nzima itajua kwamba shemeji anatafutwa kabla shemeji hajajua. Ukigeuza, ukatumia waya wa gitaa kati ya amplifaya na spika, uzi wake mwembamba utapata joto, sauti itapungua, na siku ukiyeyuka na kugusana na msuko, amplifaya iliyokodishwa Homa Bay inaweza kwenda na huo waya. Kamati itaketi.

Hesabu pia pete nyeusi kwenye jeki. Waya wa gitaa una pete moja. Wenye mbili ni wa hedifoni au mashine za studio. Mara nyingi utafanya kazi, lakini umelipia uzi wa tatu usio na kazi. Na ule wa jeki ndogo ya simu uliovalishwa kofia ya kuikuza, uache kwa wenye imani.

Hapa mzaha unasimama kidogo. Kwenye mikesha yetu stima hutoka kwenye jenereta au kwa jirani, kwa waya uliovutwa juu ya mipapai, na ncha zake tupu zimeshindiliwa kwenye tundu la soketi kwa njiti za kiberiti. Pini ya tatu, ile ya ardhi, haipo. Mvumo mdogo unaotoweka unaposhika nyuzi za gitaa ni jambo la kawaida, kwa sababu nyuzi zimeunganishwa na msuko wa waya, na msuko umeunganishwa na mwili wa amplifaya. Lakini ni kwa njia hiyohiyo kwamba amplifaya mbovu isiyo na waya wa ardhi inaweza kuleta volti 240 mpaka kwenye vidole vyako, na ukiinama kuimba, mdomo wako unaogusa maikrofoni ndio unaokamilisha safari. Mwimbaji anayerushwa na maikrofoni hahitaji waya mpya wa gitaa. Zima kila kitu, mwite fundi wa stima, na mwenye matanga akilalamika mwambie jeneza moja linatosha.

Tuendelee kuharibu. Waya ukishanunuliwa, maisha yake yote hutegemea anayeukunja. Mbinu ya kitaifa ni kuuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, kwa nguvu, kwa hasira, saa kumi na moja alfajiri, watu wanataka kulala. Kila mzunguko unausokota waya ndani kwa ndani, na baada ya misimu michache uzi wa katikati umejipinda mpaka umekatika, huku ganda la nje likiwa zima kabisa na linang'aa. Wale wenye subira huweka pindo moja kwa nje na lifuatalo kwa ndani, kwa zamu, ili msokoto wa pili uufute wa kwanza, na waya ukitupwa sakafuni unanyooka wenyewe. Kwenye bendi mtu huyo huitwa mwenye maringo na hupewa spika kubwa abebe.

Lakini adui mkubwa wa waya katika nchi yetu ni sifa. Nazungumzia pakruok. Mtu aliyevaa vizuri anainuka kwenye kiti chake, anaunyoosha mkono, muziki unashushwa, naye anatembea mpaka mbele ya bendi kutangaza yeye ni nani, mwana wa nani, shemeji wa wapi, na ni mnyama gani mkali anayefanana naye, huku akihesabu noti moja baada ya nyingine. Mpinzani wake hawezi kuvumilia. Anainuka naye. Wafuasi wao wanainuka. Viatu vyote hivyo vyenye ncha, vilivyopigwa rangi kwa ajili ya siku hii, vinakuja kusimama mahali pamoja tu duniani, nusu mita mbele ya mpiga solo, juu ya waya wake. Bendi haiwezi kumwambia mtu anayetoa noti asogeze mguu. Kwa hiyo waya unavumilia, kisha tajiri anageuka kurudi kwenye kiti chake na waya umejifunga kwenye kisigino, na jeki inatoka kwenye gitaa kwa mlio ambao wazee wanaukumbuka kuliko hotuba ya chifu. Dawa ipo na haigharimu hata shilingi: pitisha waya nyuma ya mkanda wa gitaa kabla ya kuuchomeka, ili ukivutwa uvute mkanda. Wapigaji wazuri duniani kote hufanya hivyo. Wewe usifanye, maana shabaha yetu ni nyingine.

Kuazimana pia kunasaidia sana. Asumbi ni mji mdogo wenye shughuli nyingi. Kuna misheni ya Wakatoliki, masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, chuo cha walimu, shule ya wasichana, na kila mahali kuna kwaya, na kwaya ina kinanda, na kinanda kimepoteza waya wake tangu Pasaka. Waya wa mpiga solo hutoka kwenye mkesha Jumamosi alfajiri ukiwa na umande na vumbi jekundu, Jumapili uko kanisani, Jumatatu uko kwenye mashindano ya shule. Hurudi ukiwa umebadilika rangi, mfupi kidogo kuliko ulivyoondoka, na umefungwa selotepu mahali ambapo hukumbuki kulikuwa na jeraha. Humwulizi padre.

Inabaki njia moja ambayo msomaji wa mwongozo huu anapaswa kuiepuka kwa nguvu zote. Kwenye masoko yetu yupo fundi wa redio. Ameketi nyuma ya meza yenye vumbi na maiti za simu, ana chuma cha kulehemu kinachopashwa moto kwa makaa siku ambayo stima imepotea, na ana kipimo kinacholia pii. Mtu angeweza kununua waya wenye msuko kwa mita, unaokatwa kutoka kwenye roli, mita 5 au 6 tu, pamoja na jeki mbili za chuma zinazofunguka, ampelekee fundi huyo, na asimame karibu akiangalia. Kwanza vifuniko na mirija ya plastiki vivalishwe kwenye waya kabla ya kulehemu, maana kila fundi duniani amewahi kuvisahau na kulazimika kubomoa. Uzi wa katikati uende kwenye ncha, msuko uende kwenye mwili. Lile tabaka jeusi lirudishwe nyuma lisiguse ncha, kwa sababu linapitisha umeme na litaila sauti kimyakimya. Chuma kipashe moto jeki na uzi kwa pamoja, ndipo lehemu iwekwe, na mkono usitikisike mpaka ipoe. Meno yabanwe juu ya ganda. Kisha kipimo: ncha kwa ncha ilie, mwili kwa mwili ulie, ncha kwa mwili inyamaze. Na wakati kinalia, waya utikiswe karibu na kila jeki, kwa kuwa waya mgonjwa hulia vizuri ukiwa umelala.

Waya wa namna hiyo hauna paketi. Hauna dhahabu wala mshale. Ukikatika, na utakatika, kwa kawaida ni sentimita chache karibu na jeki, fundi anakata kipande, analehemu upya, na unaendelea na kazi ukiwa mfupi kidogo na, kama tulivyoona, mwenye sauti kali kidogo. Kwa gharama hiyohiyo ya ule wa kijani kibichi huenda ukapata nyaya mbili, mmoja ukae kwenye mfuko wa gitaa. Hapo muuzaji atakukosa, jirani hutamsumbua, na hutakuwa na habari ya kusimulia kwenye matatu. Ndiyo maana nimesema uepuke.

Kwa wale walioyafuata maagizo haya vizuri, limebaki jambo la adabu tu, yaani namna ya kusimama waya unapokata. Itakuwa saa nane za usiku. Mwimbaji amenyamaza, besi inarukaruka, kijiji kimesimama, na solo yako imetoweka. Usiuguse waya, maana ukiuinua utakuwa umekiri. Endelea kupiga kwa noti kadhaa, uso umekunja ndita, kama mtu anayesikia kitu ambacho wengine hawajafikia kiwango cha kukisikia. Kisha inua macho polepole mpaka kwenye nguzo ya stima, uitazame, utikise kichwa, useme kwa sauti ya kutosha watu wa safu ya mbele kusikia: "Hawa watu wa stima, jamani." Wote watakubaliana nawe. Kama mnatumia jenereta, mtazame mpiga ngoma.